Kwa nini mitambo ya DJ huungua kabla ya mvua kunyesha

Mtu akipata kazi ya kupiga muziki katika sherehe ya nje, iwe ni harusi katika boma la Ahero, mahafali mjini Kakamega au karamu ya ufukweni Dunga, swali lake la kwanza huwa ni kama mvua itanyesha. Swali hilo lina msingi magharibi mwa Kenya, ambako mchana wa jua kali unaweza kugeuka gharika kufikia saa kumi na moja jioni. Hata hivyo, kati ya amplifaya na spika zilizowahi kuletwa kwenye meza yangu ya ufundi mjini Kisumu, zilizoingiwa na maji ni chache mno zikilinganishwa na zile zilizounguzwa na umeme dhaifu, joto, na tamaa ya kutaka muziki usikike hadi barabara ya lami. Nyingi ziliungua anga likiwa jeupe kabisa.

Sababu hizo huonekana kama mambo matatu yasiyohusiana, lakini ni fundo moja. Uwanja humeza sauti, DJ akaongeza. Amplifaya iliyoongezwa huvuta umeme mwingi zaidi, na umeme huo unapopita katika waya mwembamba na mrefu, volteji huanguka. Volteji ikianguka, amplifaya hushindwa kutoa sauti safi, DJ akaongeza tena. Anayeelewa mzunguko huo anajua pia mahali pa kuukata.

Tuanze na sauti yenyewe. Ndani ya ukumbi, kuta na dari hurudisha sehemu kubwa ya sauti kwa wasikilizaji, ilhali uwanjani sauti huenda zake na hairudi. Kanuni ya fizikia inayotawala hapa ni kwamba kila umbali kutoka kwenye spika unapozidishwa mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili huongeza desibeli 3 tu. Maana yake ni kwamba anayetaka walioketi mita 20 wasikie kama walioketi mita 10 anahitaji nguvu mara nne, na akitaka wa mita 40 wasikie vivyo hivyo, mara kumi na sita. Hakuna jozi ya spika za kukodi itakayoshinda hesabu hiyo kwa kuongezwa sauti peke yake.

Kinachosaidia ni mpangilio. Spika za juu ziinuliwe juu ya vichwa vya wachezaji na kuinamishwa kidogo kuwaelekea, kwa sababu sauti nyembamba hufyonzwa na miili ya watu wa safu ya kwanza kabla ya kufika kwa wa nyuma. Spika za besi zikae chini, tena pamoja. Mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu hutoa desibeli 6 zaidi ya moja, ilhali zikitenganishwa huku na huku mawimbi yao hugongana na kufutana, ukapata sehemu za uwanja ambako besi haipo kabisa. Uwanja ukiwa mrefu, ni afadhali kuweka jozi nyingine ndogo katikati kuliko kuikamua ile ya mbele, ila jozi hiyo icheleweshwe kwa kutumia mikseri: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika zilizo mita 34 mbele ya zile kuu zahitaji kucheleweshwa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, la sivyo wageni watasikia kila neno la mshereheshaji mara mbili.

Asiyejipanga hivyo huishia kuongeza sauti hadi taa nyekundu za mikseri zisizime. Taa hiyo inasema kwamba wimbi la sauti limefika ukomo wa chombo na vilele vyake vimekatwa vikawa bapa. Wimbi lililokatwa huzalisha sauti nyembamba ambazo hazikuwamo katika wimbo, nazo hupelekwa zote kwenye spika ndogo ambayo mafundi huiita twita. Ukiifungua twita iliyoungua utakuta koili ya waya mwembamba kama unywele, iliyobadilika rangi kutoka shaba hadi nyeusi, na gundi iliyochemka ikaacha malengelenge. Mwenye spika atakuapia kwamba ilikufa ghafla wakati wa wimbo fulani, kumbe imekuwa ikichemka tangu saa nane.

Sasa umeme. Maandishi ya wati 2000 nyuma ya spika ni nguvu ya kilele, inayofikiwa kwa kufumba na kufumbua. Watengenezaji wa amplifaya hupima matumizi ya kawaida ya muziki kwa sehemu moja ya nane ya nguvu kamili, ingawa muziki wetu wa besi nzito, uliokandamizwa kiwandani usiwe na mahali pa kupumzika, hupita kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hiyo mitambo ya wastani haili umeme mwingi kwa wastani, ila huugugumia kwa mapigo, na kila pigo la besi ni mkupuo mmoja. Hapo ndipo waya unapoanza kuwa na maana kubwa kuliko amplifaya.

Chukua mfano wa harusi moja niliyoitwa karibu na Ahero, ambako hema lilisimamishwa mita 60 hivi kutoka nyumbani, na umeme ukatolewa kwenye soketi ya sebuleni kwa ekstensheni ya waya wa milimita moja ya mraba. Asubuhi nilipima volteji sebuleni nikapata 236, nikapima mwisho wa ekstensheni nikapata 236 ileile, na DJ akaridhika. Jioni, jiko likiwa limewashwa na muziki ukiwa juu, sebuleni palisoma 221 na chini ya hema 198. Hapakuwa na ajabu yoyote. Waya wa shaba wa unene ule una ukinzani wa takriban ohmu 18 kwa kilomita. Umeme huenda mita 60 na kurudi mita 60, jumla ohmu 2.2 hivi, na ampea 10 zikipita humo, volti 22 hubaki njiani na wati zaidi ya 200 hugeuka joto ndani ya waya. Waya wa milimita 2.5 za mraba ungepoteza volti 9 tu. Ndiyo maana kipimo cha asubuhi, kabla ya mzigo kuwekwa, hakimwambii mtu lolote la kumsaidia.

Asiye na mita anaweza kutazama balbu. Ikiwa taa za hema zinakonyeza kwa kila pigo la besi, waya hautoshi au kuna kiungo kilicholegea, na mkono ukiwekwa juu ya kila plagi utampata mhalifu: plagi yenye moto wa chai haifai kuendelea kutumika. Ekstensheni ya kuviringishwa kwenye gurudumu nayo ikunjuliwe yote hata kama mita 40 zitalala bure kwenye nyasi, kwa sababu waya uliojikunja juu ya mwenzake hauna pa kutolea joto, na nimewahi kuona gurudumu lililoyeyuka likawa tonge moja la plastiki.

Kushuka kwa volteji hakuathiri vyombo vyote kwa namna moja. Amplifaya ya zamani yenye transfoma nzito hupoteza nguvu na kuanza kukata vilele mapema. Ya kisasa, iliyo nyepesi, hujaribu kutoa nguvu ileile kwa kuvuta ampea nyingi zaidi, jambo linalozidi kuishusha volteji na kuipasha moto hadi ijizime yenyewe, au isijizime. Zipo zilizoundwa kufanya kazi kati ya volti 100 na 240 bila kujali, na anayenunua leo angefanya vyema kusoma maandishi hayo kabla ya kusoma wati.

Hatari iliyo kinyume na hiyo, ya volteji kupanda, hutokea mara chache lakini humaliza kila kitu kwa dakika moja. Katika majengo yanayopokea umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, kati ya fezi na fezi kuna volti 415, na kinachoziweka soketi zetu kwenye 240 ni waya wa nyutro. Nyutro ikikatika au ikilegea, volteji hujigawa kulingana na mzigo wa kila fezi, na soketi yenye mzigo mdogo inaweza kupanda kuelekea 415. Kingamkupuo ya kawaida ya ekstensheni haikuundwa kwa ajili ya balaa la namna hiyo. Kinachofaa ni kile kifaa kinachouzwa madukani kama kinga ya friji au ya televisheni, ambacho hukata umeme volteji ikipita kiwango na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kiwe tu cha ampea zinazotosha. Kwa kompyuta, betri yake ni kinga nusu, lakini kontrola, yaani ubao ambao DJ huendeshea programu ya muziki, na mikseri vinastahili UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, ili stima ikipotea DJ apate muda wa kufunga programu bila kuharibu faili.

Wengi hudhani jenereta huondoa matatizo hayo yote. Huondoa baadhi na kuleta mengine. Jenereta iliyoandikwa kVA 5 hutoa takriban kilowati 4, na haipendezi kuipakia zaidi ya robo tatu ya uwezo huo. Jenereta nyingi za kawaida hupata mzunguko wa hezi 50 kwa injini kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa hiyo injini inayokohoa hubadilisha umeme pia. Zile za inveta ni tulivu zaidi na ndizo zinazofaa kompyuta. Wakati mbaya kuliko yote ni mafuta yanapokwisha, kwani injini huyumba na volteji huyumba nayo. Basi amplifaya zizimwe kabla ya kuongeza mafuta, na asiyetaka kuzima katikati ya muziki aweke ratiba na mshereheshaji, aitumie nafasi ya hotuba ya wazee, ambayo kwa kawaida inatosha kujaza tangi na kupoza injini.

Kuna jambo moja nisiloliafiki hata kidogo, nalo ni desturi ya kung'oa au kutounga waya wa ardhini kwenye plagi ili kuondoa mngurumo. Mngurumo huo wa hezi 50 hutokea mara nyingi kwa sababu vyombo viwili vilivyounganishwa kwa kebo ya sauti vinapata umeme kutoka sehemu mbili tofauti, mikseri kwa soketi hii na amplifaya kwa soketi ile, na umeme mdogo ukawa unazunguka kati yao kupitia ganda la kebo. Dawa yake ni kulisha vyombo vyote kutoka chanzo kimoja, na kutumia kebo za XLR zenye pini tatu kwa masafa marefu, huku zile za RCA, zenye pini moja, zikibaki fupi, za mita chache tu. Anayeng'oa waya wa ardhini huondoa mngurumo na kuacha chombo cha chuma ambacho, hitilafu ikitokea, kitamngoja mtu mwenye miguu mitupu kwenye nyasi mbichi. Zaidi ya hapo, kwenye chanzo cha umeme pawe na swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja hata miliampea 30. Bei yake ni ndogo kuliko ya spika moja.

Baada ya umeme, mahali pa kuweka meza. Kisumu huwa na mtego wake, kwa kuwa ziwa liko upande wa magharibi na kusini-magharibi, na kila mwenye sherehe anataka picha zenye maji nyuma ya DJ. Matokeo yake ni kwamba kuanzia saa kumi jua linaingia chini ya paa la hema na kupiga mgongo wa DJ na vyombo vyake vyeusi, wakati huohuo upepo wa mchana unavuma kutoka ziwani ukija moja kwa moja mezani. Watengenezaji wa kompyuta wengi hutaka joto la mahali lisipite nyuzi 35, na chuma cheusi kilicho juani hupita kiwango hicho bila shida. Ukuta wa hema uteremshwe upande wa magharibi, kompyuta iinuliwe juu ya kistendi ili feni zake zipumue, na nyuma ya amplifaya paachwe nafasi ya kutosha kwa hewa. Kitambaa cheupe kilichotandazwa kama kivuli husaidia kuliko turubai la plastiki, ambalo hunasa joto.

Giza likiingia huja wageni ambao hawakualikwa. Wadudu wadogo wa ziwani, ambao hutoka majini kwa mawingu yanayofanana na moshi, hufuata taa nyeupe, na taa ya meza ya DJ ndiyo iliyo karibu. Asubuhi moja nilifungua mikseri iliyokuwa imeacha kutii, nikakuta chini ya fada, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, tope la kijivu lililokauka; yalikuwa mabaki yao, yamesagwa na kidole cha DJ usiku mzima. Kinga yake ni rahisi: taa nyeupe yenye nguvu iwekwe mbali, mita 20 au zaidi, iwe chambo, na mezani itumike taa hafifu ya manjano au nyekundu.

Mvua nayo, maadamu tumefika kwake, si suala la kufunika tu. Mchana upepo wa ziwa hukutana na ule wa mashariki karibu na miinuko ya Nandi, hewa yenye unyevu ikapandishwa, na dhoruba hujengeka alasiri. Upande wa Kericho na Nandi dhoruba hizo hufuatana na mvua ya mawe. Kwa hiyo mawingu yatazamwe mashariki na kaskazini-mashariki, wala si ziwani ambako wageni wanatazama. Meza isiwekwe chini ya mshono wa mahema mawili, maana hapo ndipo maji hukusanyika na kumwagika kwa mpigo. Vyombo vyote vya umeme, hasa vichwa vya ekstensheni, viinuliwe juu ya mbao au kreti za soda, na waya unaoingia kwenye chombo uache mkunjo wa kuning'inia chini ili matone yaangukie ardhini badala ya kufuata waya hadi kwenye plagi. Katika udongo mweusi wa bonde la Kano, kipande cha ubao chini ya kila mguu wa stendi ni lazima, kwa kuwa udongo ule ukilowa stendi iliyosimama wima saa tisa huwa imeinama saa kumi na moja. Hema lifungwe kwa mapipa ya maji au magunia ya mchanga, na stendi zifungwe vivyo hivyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kufunika amplifaya kwa nailoni huku ikiendelea kufanya kazi. Maji hayaingii, ni kweli, wala joto halitoki. Ikibidi kufunika, muziki uzimwe kwanza, na kama chombo kimelowa kisiwashwe hadi kifunguliwe na kukauka kabisa. Kukitia mchele ni kupoteza mchele.

Radi ina kanuni zake. Kila sekunde tatu kati ya mmweko na ngurumo ni takriban kilomita moja, na pengo likiwa chini ya sekunde 30 radi iko ndani ya kilomita 10, umbali ambao inaweza kupiga popote. Wakati huo plagi ichomolewe, si kuzimwa kwa swichi, maana pengo dogo la swichi si kitu mbele ya radi. Kebo ndefu za sauti zichomolewe pia, kwani nazo hukusanya nguvu kama antena. Watu wahamie ndani ya nyumba au magari, na muziki urudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Najua mwenye sherehe hataipenda nusu saa hiyo, hivyo ni vyema iandikwe katika makubaliano kabla ya malipo ya kwanza.

Nakuru haina wadudu hao kwa wingi huo, ila ina vumbi na baridi. Mji huo uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko karibu mita 1,130, na udongo mwepesi wa volkano wa Bonde la Ufa hupeperushwa na magari hadi ndani ya feni na fada. Kila pumziko lipatikane, meza ifunikwe kwa kitambaa laini, na vumbi liondolewe kwa brashi kavu kabla halijakutana na umande wa saa saba usiku. DJ anayeteremka Kisumu na vyombo vilivyolala garini kwenye baridi ya Nakuru asiviwashe mara tu anapofika. Hewa ya joto yenye unyevu hugeuka matone juu ya chuma baridi, ndani ya chombo pia, kwa hiyo masanduku yafunguliwe kivulini kwa muda wa saa moja hivi.

Kuhusu majirani, kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 nje ya makazi mchana na 35 kuanzia saa mbili usiku. Ni viwango vya chini sana kwa sherehe yoyote yenye spika, kwa hiyo kibali kitafutwe mapema, spika zigeuziwe upande usio na nyumba, na besi ipunguzwe kwanza usiku unapoingia, kwa sababu ndiyo inayopenya kuta.

Kuzima nako kuna mpangilio. Amplifaya na spika zenye amplifaya ndani huwashwa mwisho na kuzimwa kwanza, ili mshindo wa mikseri inapozimwa usipige twita zilizokwisha kuchoka. Sanduku la kompyuta na la diski lifungwe na kupelekwa garini kabla ya kuanza kukunja waya, kwa kuwa wakati wa kukunja waya kila mtu huwa na mikono yake chini na macho yake chini, na ndipo vitu vidogo hupotea. Waya zilizolowa zisifungiwe. Zitandazwe kesho yake kivulini, zifutwe, na kila plagi ifunguliwe ikazwe skrubu zake, maana skrubu iliyolegea leo ndiyo itakayokonyeza balbu Jumamosi ijayo.